Jino Linaponyamaza

Msomaji wangu, ikiwa hujapata kuumwa na jino usiku wa manane, mshukuru Mungu. Na ikiwa umepata, huhitaji kuelezwa. Maumivu ya jino hayamheshimu mtu. Humwamsha mwalimu kama yanavyomwamsha mwanafunzi, na mfalme kama mvuvi. Katika vitabu vya historia twasoma habari za vita, safari na tawala, lakini ni mara chache tuambiwapo kwamba watu waliofanya mambo hayo nao walikuwa na meno, na kwamba meno yao yaliwauma. Katika kurasa hizi nataka tuifuate historia hiyo ndogo: jinsi binadamu alivyojaribu kulituliza jino, jinsi alivyokosea, na jinsi alivyofika hatimaye kujua la kufanya. Tena si habari za mbali tu. Kama wakaa kijijini, mbali na daktari wa meno, huenda zikakufaa usiku wa leo.

Mimi nilianza kuijua historia hii kijijini Wema, katika bonde la chini la Mto Tana, kabla sijajua kusoma vizuri. Wema ni kijiji cha Wapokomo, walimao mpunga, ndizi na maembe, na mji wao wa karibu ni Garsen. Maisha yote ya huko hutegemea mto. Ukifurika kwa kiasi huleta rutuba. Ukipita kiasi huzifunga njia. Mwishoni mwa mwaka 1997 mvua za El Nino zilinyesha hata mto ukavuka kingo zake, na barabara zikakatika. Siku zile zile mjomba wangu alikuwa na gego bovu.

Usiku wa kwanza hakulala mtu nyumbani. Bibi alimchemshia maji, akatia chumvi, akayaacha yapoe kidogo, akamwambia asukutue. Kisha akafungua kikopo chake cha viungo, akatoa punje ya karafuu, akamwekea juu ya jino. Maumivu yakapungua, mjomba akapata usingizi. Siku ya tatu yakaisha kabisa. Nikamwuliza, "Mjomba, jino limepona?" Akacheka, akasema, "Limenyamaza, mwanangu." Sote tukafurahi, naye akaacha kufikiri habari ya kwenda kwa daktari.

Haikupita wiki mbili shavu likavimba, kisha uvimbe ukateremka chini ya taya mpaka shingoni. Homa ikampanda. Hakuweza kufungua kinywa wala kumeza hata uji mwembamba. Wanaume wakamtia katika mtumbwi na kumvusha penye maji, na toka hapo wakamfikisha hospitali kwa taabu kubwa. Alipasuliwa chini ya taya, usaha ukatolewa, na jino likang'olewa. Alipona, lakini kovu analo hata leo, na kila nilionapo nakumbuka neno lake: limenyamaza.

Je, bibi alikosea? Swali hilo nililichukua moyoni miaka mingi, mpaka nilipokuwa katika chuo cha ualimu, nikaanza kusoma habari za tiba za zamani. Njoo tutafute jibu pamoja.

Kwanza, watu wa kale walidhani jino huumwa kwa sababu gani? Katika nchi ya Babeli, ambayo sasa ni Iraki, vibao vya udongo vilivyoandikwa maelfu ya miaka iliyopita vyataja mdudu akaaye katika jino na kulitafuna. Imani hiyo ilienea katika nchi nyingi za Asia na Ulaya, na hata kwetu Afrika ya Mashariki wako wasemao kwamba jino limeliwa na mdudu. Usiwacheke. Mtu akipasua embe na kuona tundu, humtafuta funza. Basi aliyeona tundu katika jino alifikiri vivyo hivyo. Dawa nayo ikaifuata imani. Mbegu za mimea zilichomwa, na mgonjwa akafukizwa moshi kinywani ili mdudu atoke.

Mwaka 1728 tabibu wa meno Mfaransa, Pierre Fauchard, alitoa kitabu chake kikubwa cha tiba ya meno, na humo akasema kwamba alimtafuta mdudu huyo kwa hadubini asimwone. Huo ulikuwa ujasiri, kwa maana wengi kabla yake waliyakubali maneno ya wazee bila ya kutazama. Lakini kujua kwamba si mdudu si sawa na kujua ni nini. Jibu lilikawia hadi mwaka 1890, Mmarekani Willoughby Miller, aliyekuwa akifanya kazi Berlin, alipotoa kitabu juu ya vijidudu vya kinywani. Alionyesha kwamba vijidudu visivyoonekana kwa macho hula mabaki ya vyakula vya wanga na sukari, na kutoa asidi. Na asidi hiyo ndiyo itobowayo jino polepole. Kwa hiyo wazee hawakuwa mbali na ukweli kama tulivyodhani. Wadudu walikuwako, ila walikuwa wadogo kuliko alivyoweza kuwaza mtu yeyote wa Babeli.

Hapa yatupasa kuikumbuka sukari. Zamani sukari ilikuwa kitu cha matajiri. Ilipolimwa kwa wingi Brazili na katika visiwa vya Karibea, kwa mikono ya watumwa waliotolewa Afrika, bei yake ilishuka, na meno mabovu yakaongezeka Ulaya. Katika karne ya 17 orodha za vifo zilizotangazwa mjini London kila wiki zilikuwa na fungu lililoandikwa "meno". Ni kweli kwamba wengi katika fungu hilo walikuwa watoto wachanga waliokufa wakati wa kuota meno, na pengine kwa maradhi mengine. Lakini neno hilo latuonyesha jinsi watu wa wakati ule walivyoliogopa jino.

Sasa turudi kwenye kikopo cha bibi. Karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, ambavyo leo ni sehemu ya Indonesia. Uchina, zamani za utawala wa Han, zaidi ya miaka 1,800 iliyopita, watumishi wa ikulu waliweka karafuu kinywani ili pumzi zao ziwe nzuri wasemapo na mfalme. Baadaye Waholanzi waliifanya biashara ya karafuu kuwa yao peke yao, mpaka Mfaransa Pierre Poivre alipofaulu kupata miche na kuipeleka Morisi mwaka 1770. Kutoka visiwa vile vya Bahari ya Hindi mkarafuu ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Seyyid Said, aliyetawala hadi alipofariki mwaka 1856, aliwahimiza wenye mashamba waupande, na Unguja na Pemba zikawa mashuhuri duniani kwa karafuu. Tufani ya mwaka 1872 iliiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikaongoza.

Lakini usisahau, msomaji, ni nani waliopanda na kuchuma. Walikuwa watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ulipigwa marufuku kisheria huko mwaka 1897. Nionapo punje ya karafuu nafikiri hivi: sukari iliyoliharibu jino la mzungu wa London, na karafuu iliyolituliza jino la mswahili wa pwani, zote mbili zilitoka katika jasho la watu wasiolipwa.

Karafuu yatuliza kwa nini? Ndani yake mna mafuta, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kitu kiitwacho yujenoli, ambacho hutia ganzi mishipa ya fahamu kwa muda na kupunguza nguvu za vijidudu. Hata madaktari wa meno wa leo huchanganya yujenoli na oksidi ya zinki, wakapata dawa ya kuziba jino kwa muda. Maji ya chumvi nayo husafisha kinywa, huondoa mabaki ya chakula, na kupunguza uvimbe wa ufizi. Kwa hiyo bibi hakukosea. Alifanya vile ambavyo daktari angemwambia afanye usiku ule.

Kosa lilikuwa letu sote, nalo lilikuja siku ya tatu. Ndani ya jino mna chumba kidogo chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Tukiite moyo wa jino. Vijidudu vikifika hapo, moyo huo huvimba, lakini kuta zake ni ngumu, hazitanuki. Ndiyo sababu jino hupwita kama ngoma, na huzidi ulalapo. Mwisho moyo huo hufa, na mishipa ya fahamu hufa pamoja nao. Hapo maumivu huisha, mtu akashukuru. Kumbe vijidudu vyaendelea na safari, hupita katika mizizi, huingia katika mfupa wa taya, hufanya jipu. Mwaka 1836 daktari Mjerumani Wilhelm Friedrich von Ludwig alieleza habari za uvimbe mkali utokeao chini ya ulimi na kushuka shingoni, ambao huweza kumziba mtu pumzi. Leo yajulikana kwamba uvimbe huo aghalabu huanzia katika gego bovu. Nisomapo maelezo yake, namwona mjomba wangu katika mtumbwi.

Yaliyowazuia watu wa zamani kwenda kwa mng'oaji yalikuwa mawili: hofu na umbali. Hofu ilikuwa ya haki. Ulaya jino ling'olewa na kinyozi au mchuuzi sokoni, kwa koleo, na mgonjwa akishikwa na watu. Tarehe 11 Desemba 1844, tabibu wa meno wa Marekani, Horace Wells, alivuta hewa ya oksidi ya naitrojeni, akamwambia mwenzake amng'oe gego lake mwenyewe, wala hakuona uchungu. Mwaka 1846 mwenzake wa zamani, William Morton, alionyesha mbele ya madaktari wa Boston nguvu ya dawa ya etha. Tangu hapo upasuaji wa kila namna ukabadilika. Mwaka 1943 Msweden Nils Löfgren alitengeneza lidokaini, dawa ya ganzi ambayo hata leo hudungwa katika ufizi. Basi hofu ya mababu zetu haina tena sababu yake ya kale.

Umbali ungaliko. Mwaka 2018 Mto Tana ulifurika tena, na watu wengi wa Tana Delta wakahama makwao. Kwa hiyo sitakuambia tu, "Nenda kwa daktari," kana kwamba daktari yuko mlango wa pili. Nitakuambia la kufanya mpaka utakapomfikia.

Jino likikuuma usiku, piga mswaki taratibu na uondoe chakula kilichonasa. Tia nusu ya kijiko cha chai cha chumvi katika bilauri ya maji ya uvuguvugu, sukutua, uyateme. Rudia mara kadhaa kwa siku. Weka kitambaa chenye maji baridi juu ya shavu kwa muda wa dakika 10 au 15. Lala kichwa kikiwa juu, kwa kuongeza mto wa pili. Jiepushe na sukari na vitu vya moto au baridi sana. Karafuu waweza kuitumia, punje moja karibu na jino. Lakini mafuta yake yasiyochanganywa huunguza ufizi, na mtoto mdogo asipewe. Dawa ya paracetamol husaidia, mradi ufuate kipimo kilichoandikwa, wala usikizidishe kwa kuwa maumivu yamezidi.

Kuna mambo ambayo nakuonya usiyafanye. Usiweke aspirini juu ya ufizi, kwa maana huuchoma. Tena aspirini haifai kwa walio chini ya miaka 16. Usifungue kidonge cha rangi mbili na kumimina unga wake katika tundu la jino, ingawa umeona watu wazima wakifanya hivyo. Usitie maji ya betri, petroli wala tumbaku. Na shavu au shingo ikivimba, au homa ikikupata, au ukashindwa kufungua kinywa, kumeza au kupumua vizuri, usingoje kupambazuke: waamshe wakubwa wako, mtafute chombo, mwende hospitali.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapana mahali methali hiyo ifaapo kuliko katika jino. Tundu dogo huzibwa kwa kitambo kifupi na kwa gharama ndogo. Likiachwa, jino hung'olewa. Na jino la pembe si dawa ya pengo.

Basi swali letu limejibiwa. Bibi alikuwa na elimu yake, na elimu ile ilikuwa ya kweli. Iliyapita mafusho ya Babeli na koleo la kinyozi. Ilikuwa na mpaka tu, kama kila elimu. Dawa ya nyumbani ni daraja la kumvusha mgonjwa hadi asubuhi. Sisi tulijenga nyumba juu ya daraja, tukakaa. Wewe usikae. Jino lako likinyamaza bila ya kutibiwa, usicheke kama mjomba wangu alivyocheka. Siku hiyo ndiyo siku ya kuanza safari ya kwenda kwa daktari.