Aproni za Mifuko ya Unga Nchini Marekani
Aproni, yaani vazi linalofungwa kiunoni ili kukinga nguo wakati wa kazi za jikoni, ilishonwa na wanawake wengi wa mashambani Marekani kwa mifuko ya pamba, hasa katika mdororo mkuu wa uchumi ulioanza mwaka 1929, fedha zilipoadimika na mfuko wa unga, sukari au chakula cha kuku ukawa kitambaa kisichohitaji kununuliwa peke yake. Uzi wa mshono wa mfuko ulifumuliwa kwa uangalifu na kuhifadhiwa, kisha chapa ya kiwanda ikalowekwa na kusuguliwa kwa sabuni mpaka ififie. Kazi hiyo ya kuchosha yastahili kuhesabiwa kuwa ufundi kamili, wala si dalili ya ufukara tu. Kitambaa chenyewe kilikaribiana na merikani, pamba isiyopaushwa ambayo wafanyabiashara wa mji wa Salem nchini Marekani waliifikisha Zanzibar katika karne ya 19. Wenye viwanda, walipotambua kwamba mama wa nyumbani ndiye anayechagua bidhaa, walianza katika miaka ya 1920 kutoa mifuko yenye maua na miraba. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mifuko ya karatasi, iliyokuwa na gharama ndogo zaidi, iliiondoa ile ya pamba sokoni.