Usomaji wa rangi ya plagi

Njia ya kupima mchanganyiko wa petroli na hewa kwa kutazama plagi iliyokwisha kutumika. Inawafaa hasa mafundi wa pikipiki za kabureta, zikiwemo bodaboda za mpakani Horohoro, wilayani Mkinga. Kinachosomwa ni kauri inayozunguka ncha ya kati. Kahawia hafifu, kama chai ya maziwa, ni dalili njema. Masizi meusi makavu yanaonyesha petroli imezidi, au chujio la hewa limeziba, na chujio ndilo la kukaguliwa kwanza. Kauri ikiwa nyeupe kabisa, petroli ni pungufu na injini inapata moto kupita kiasi. Weusi wenye oili ni ugonjwa mwingine: ringi au sili za valvu zimechoka, na kukaza skrubu ya kabureta hakutasaidia kitu.

Plagi ya pikipiki iliyonguruma tu imesimama hudanganya. Pikipiki ikimbizwe kwanza barabara ya Tanga, izimwe ghafla ikiwa kasi, ndipo plagi ifunguliwe. Pikipiki iliyorekebishwa Horohoro, karibu na usawa wa bahari, ikipanda Lushoto, mita zipatazo 1,400, hukuta hewa nyepesi. Petroli huzidi hewa, na plagi huanza kushika masizi.