Umeajiri Mtu wa Kwanza Garissa? Hivi Ndivyo Unajisajili na KRA, NSSF na SHA

Umefungua duka la abaya pale Suuq Mugdi, biz imeshika, na sasa kuna dada anakuuzia ukienda Eastleigh kuchukua mzigo. Hongera. Lakini jua kitu moja: kutoka siku unaanza kumlipa mshahara, wewe ni mwajiri, hata kama unamtumia tu kwa M-Pesa na hamjaandikiana kitu.

Anza na KRA. Kama biz yako ni jina tu la biashara, unatumia PIN yako mwenyewe. Kampuni iko na PIN yake. Ingia iTax, badilisha maelezo ya PIN, uongeze PAYE na tarehe yenye uliajiri. Hapa ndio wasee wengi huchomeka: wanaiweka mapema, "just in case." Usijaribu. Ukishaiweka, KRA inangoja ripoti kila mwezi, mwisho tarehe 9 ya mwezi unaofuata, hata kama huna mfanyakazi. Faini ya kuchelewa ni asilimia 25 ya kodi ama 10,000, ile iko juu. Na kama kodi ni sufuri, unajua gani iko juu.

Housing Levy inapitia hapo hapo iTax. NSSF na SHA ni usajili tofauti, kila moja inakupea namba ya mwajiri. Ukikwama na mtandao, ingia Huduma Centre ya Garissa.

Sasa doh. Tuseme unamlipa 20,000. Unamkata NSSF asilimia 6, hiyo ni 1,200. SHA asilimia 2.75, yaani 550. Housing Levy asilimia 1.5, yaani 300. PAYE hapo ni sufuri, juu msamaha wa 2,400 kwa mwezi unaimeza yote. Anabaki na 17,950. Wewe nawe unaongeza 1,200 ya NSSF, 300 ya Housing na 50 ya NITA. SHA ni yake peke yake, wewe huongezi. Kwa hivyo mtu wa 20,000 anakugharimu 21,550. Piga hiyo hesabu kabla ya kumwahidi mshahara, si baada.

Kuna stori ingine ya huku kwetu. Ripoti ya PAYE inataka PIN ya mfanyakazi, na PIN inataka kitambulisho. Miaka mingi vijana wa Garissa, Wajir na Mandera wamekuwa wakipigwa msasa wa ziada kupata ID, mpaka Februari 2025 Rais Ruto akiwa Wajir akatangaza hiyo imeisha. Wengine ni Wakenya kabisa lakini majina yao yaliingia rekodi za wakimbizi za Dadaab, wakakwama hapo. Kwa hivyo muulize mtu wako ID na PIN siku ya kwanza. Kama hana, msukume aanze kuitafuta mapema.

Na ile 550 ukiikata, itume. Ukiiweka mfukoni, yeye atajua akiwa kaunta ya hospitali na mtoto mgonjwa, anaambiwa michango yake haijaingia. Anaweza kujisajili SHA kwa *147#, so hata yeye anaweza kujua kama umelipa.