Nyumba ya Carson: Uzuri na Maswali Yake



Juma hili nawaalika tuitazame nyumba moja iliyo mbali nasi, katika mji mdogo wa Eureka, pwani ya kaskazini ya California, nchini Marekani. Ilijengwa kati ya mwaka 1884 na 1886 kwa mtindo uitwao wa Kivictoria, kwa jina la Malkia Victoria aliyetawala Uingereza tangu 1837 hadi 1901. Wamarekani hawakuwa raia wake, lakini waliazima jina la enzi yake pamoja na ladha yake ya mapambo.

Mwenye nyumba alikuwa William Carson, mzaliwa wa New Brunswick, Kanada, aliyefika California wakati watu walipomiminika huko kutafuta dhahabu. Utajiri wake, hata hivyo, ulitoka msituni. Yeye na mshirika wake John Dolbeer walikata na kupasua miti ya redwood, ambayo huweza kupita urefu wa mita 100.

Wasanifu Samuel na Joseph Newsom walichora jengo ambalo halitulii machoni. Lina mnara mrefu, mapaa yenye miteremko mikali, vibaraza, roshani na nguzo zilizokerezwa, na karibu kila ubao umetiwa nakshi. Zamani mapambo ya namna hiyo yalimtaka fundi achonge kwa mkono siku nyingi. Misumeno na mashine za kukerezea zilizoendeshwa kwa mvuke ndizo zilizoyafanya yawezekane kwa wingi, na Carson alikuwa na kiwanda chake mwenyewe cha mbao.

Wenyeji husimulia kwamba biashara ya mbao ilikuwa imedorora, na Carson alijenga ili wafanyakazi wake wasikose ujira. Kama ndivyo, basi kila nakshi ile ilikuwa pia mkate mezani kwa familia fulani, na hilo ni jambo la kuheshimiwa.

Lakini historia ya nyumba haiishii ukutani. Mwezi Februari 1885, ujenzi ukiendelea, diwani mmoja wa Eureka aliuawa kwa risasi iliyopotea katika ugomvi ndani ya mtaa wa Wachina. Umati ulikusanyika, na Wachina wote, zaidi ya 300, wakaamriwa kuondoka. Katika muda wa siku mbili walipakiwa katika meli mbili na kupelekwa San Francisco, pasipo kesi wala hukumu. Kosa la mtu mmoja lilibebeshwa jamii nzima, na kwa miongo kadhaa Wachina hawakuruhusiwa kurudi kuishi pale. Mji uleule ulikuwa ukiinua nyumba moja huku ukibomoa makao ya mamia.

Tena, ng'ambo ya maji, kipo kisiwa cha Tuluwat, kitovu cha ulimwengu kwa watu wa kabila la Wiyot. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Februari 1860, walowezi waliwaua huko wanawake, watoto na wazee waliokuwa wamekusanyika kwa ibada yao ya kila mwaka. Wazao wao hawakuacha kukidai kisiwa hicho. Mwaka 2004 halmashauri ya mji iliwarudishia sehemu, na Oktoba 2019 ikawakabidhi karibu yote iliyosalia mikononi mwake.

Carson alifariki mwaka 1912. Mwaka 1950 jamaa zake waliiuza nyumba hiyo, ikawa mali ya klabu ya watu binafsi, ambayo ndiyo imeitunza vizuri. Wageni huitazama na kuipiga picha wakiwa barabarani.

Wapendwa, nasi tunayo majengo ya kale katika miji yetu: maboma, nyumba za misheni, majumba ya wafanyabiashara. Tuyatunze, na tuwafundishe watoto kuyastaajabia. Ila tusiwafundishe jina la mwenye nyumba peke yake. Tuulize pia ardhi ilikuwa ya nani, nani alibeba mawe na mbao, na ni nani aliyefukuzwa wakati kuta zikipanda. Eureka ilichukua miaka 159 kurudisha kisiwa. Afadhali maswali hayo yaulizwe mapema.