Je, petroli ya sheli fulani inakwenda mbali kuliko nyingine?

Hili swali kila kijiwe cha bodaboda kina jibu lake. Huyu anakwambia usiweke mafuta pale, yanaisha kama maji. Yule anakwambia sheli ya kampuni kubwa lita moja inakufikisha mbali zaidi. Mwingine anaapa kabisa kwamba pikipiki yake inajua tofauti.

Mimi si fundi wala sijasomea uinjinia, nimemaliza kidato cha nne tu na physics nilipata ya kusogea. Ila hili swali liliingia nyumbani kwetu Morogoro na karibu limfukuzishe mtu kazi, ikabidi nilifuatilie mpaka mwisho. Nimeandika yote niliyoyapata ili mwenye swali kama hili ayakute sehemu moja.

JIBU FUPI (kwa wale ambao dakika za kafe zinakwisha)

Kama petroli ni safi na kipimo cha pampu ni sahihi, jina lililoandikwa kwenye bango la sheli halibadilishi ulaji wa mafuta kiasi cha wewe kuona. Kinachobadilisha ni hali ya gari, mguu wa dereva, uchafu ndani ya mafuta, na pampu inayopunja. Kama bado una dakika, endelea.

ILIVYOANZA

Mjomba ana Toyota Noah inayobeba wanafunzi, inatoka Kihonda kuja mjini na kurudi. Njia ni ileile kila siku, kilomita 62 kwa siku, siku tano, jumla 310 kwa wiki. Mwanzoni gari lilikuwa linatumia kama lita 33 kwa wiki. Baadaye likaanza kunywa lita 38 na ushee.

Mjomba akasema dereva ananyonya mafuta usiku anauza. Dereva akasema hapana mzee, tatizo ni sheli, tumehamia kwenye mafuta ya bei rahisi ndiyo maana yanaisha haraka. Mjomba hakumwelewa, akamkata shilingi 40,000 kwenye mshahara na kumwambia mwezi ujao ikiwa hivihivi atafute kazi nyingine. Huyo kaka ana watoto wawili, na mimi namfahamu tangu nasoma shule ya msingi, ndiye aliyekuwa akitupakia bure mvua ikinyesha. Nikamwomba mjomba anipe wiki sita nipime.

MAFUTA YOTE YANASHUKA MELI ILEILE

Kitu cha kwanza nilichojifunza kilinishangaza. Tanzania tangu mwaka 2012 mafuta yanaagizwa kwa pamoja. Yaani Puma, Oryx, TotalEnergies, Lake Oil na wengine hawaleti kila mmoja meli yake. Inatangazwa zabuni, anayeshinda analeta shehena, halafu kampuni zinagawana kulingana na zilivyoagiza. Anayesimamia ni Wakala wa Uagizaji wa Mafuta kwa Pamoja (PBPA), ulioundwa mwaka 2015. Meli zinashusha Dar es Salaam, Tanga na Mtwara.

Hata kwenye maghala kampuni zinahifadhiana mafuta. Lori lenye rangi za kampuni hii linaweza kupakia kwenye ghala la kampuni ile. Kwa hiyo ile petroli ya sheli mbili zinazotazamana barabarani, uwezekano mkubwa ni kwamba ilivuka bahari kwenye tumbo la meli moja.

Na bei? EWURA inatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa kila mji. Ni marufuku kuuza juu ya hapo, lakini chini inaruhusiwa. Kwa hiyo sheli inayouza shilingi kadhaa chini ya jirani yake si lazima iwe na mafuta mabaya. Inawezekana imepunguza faida ili ipate wateja. Hapa dereva wetu alikosea, na wengi tunakosea naye.

SASA TOFAUTI YA KAMPUNI NI NINI?

Ni dawa. Kampuni inaweza kuchanganya petroli yake na dawa za kusafisha injini, ambazo zinazuia masizi yasigande kwenye valvu na nozeli. Wenzetu Kenya wanaijua V-Power ya Shell, hiyo ni mfano mmojawapo. Petroli ya chini ni ileile, dawa ndiyo inayotofautiana.

Je, dawa zinasaidia? Ndiyo, lakini polepole. Marekani walishaweka sheria tangu 1995 kwamba petroli lazima iwe na dawa ya kusafisha. Mwaka 2004 BMW, General Motors, Honda na Toyota wakaona kiwango cha serikali ni kidogo, wakaanzisha chao kinachoitwa Top Tier. Mwaka 2016 chama cha wenye magari cha huko, AAA, kilipima. Baada ya mwendo sawa na maili 4,000 (kama kilomita 6,400), injini zilizotumia petroli isiyo ya Top Tier zilikuwa na masizi kwenye valvu mara 19 zaidi kwa wastani. Walisema masizi hayo kwa muda mrefu yanaweza kupunguza umbali wa gari kwa asilimia 2 hadi 4.

Sasa piga hesabu. Asilimia 2 hadi 4 ya lita 33 ni kama lita 0.7 hadi 1.3 kwa wiki, na hiyo ni baada ya miezi mingi. Ukibadilisha sheli leo, kesho huwezi kuona chochote. Anayekwambia ameweka mafuta ya kampuni fulani na saa hiyohiyo gari limekuwa jepesi, huyo amefurahi tu. Na sisi hatukupoteza lita moja, tulipoteza lita tano na nusu.

HABARI YA OKTANI

Watu wanadhani oktani kubwa ni nguvu kubwa. Siyo. Oktani ni uwezo wa petroli kuvumilia kugandamizwa ndani ya silinda bila kulipuka kabla ya wakati wake. Ikilipuka ovyo, injini inagonga, utasikia kama misumari inatikiswa kwenye kopo. Gari lililotengenezwa kwa oktani kubwa, mfano lenye tabo, linaihitaji. Gari la kawaida au Boxer ya kijiweni haipati nguvu ya ziada. AAA hao hao walipima mwaka 2016 wakakuta gari la kawaida halifaidiki kitu na petroli ya bei ya juu. Soma kitabu cha gari au kifuniko cha tenki, weka kinachotakiwa, basi.

UCHAKACHUAJI

Hapa ndipo sheli zinapoweza kutofautiana kweli. Wenye umri wangu tumekua tukisikia neno kuchakachua likitumika hata kwenye kura, lakini lilivuma kwa sababu ya mafuta. Mafuta ya taa yalikuwa bei nafuu kwa sababu ya kodi ndogo, wajanja wakayachanganya na petroli na dizeli. Mwaka 2010 EWURA ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili mchezo usiwe na faida. Vinasaba vinawekwa kwenye mafuta yaliyolipiwa kodi ya hapa nchini. Mkaguzi akipima sheli akakuta vimepungua, anajua kuna mafuta ya taa humo, au kuna mafuta yaliyopaswa kwenda Zambia au Congo yameishia njiani.

Petroli yenye mafuta ya taa oktani yake inashuka. Injini inagonga, inatoa moshi, plagi zinajaa masizi, asubuhi inakataa kuwaka. Maji nayo ni tatizo, yanaingia kwenye tenki la chini hasa msimu wa mvua. Gari linashtuka-shtuka au linazima kabisa. Lakini angalia, hilo ni suala la sheli moja moja na usimamizi wake. Kampuni hiyohiyo inaweza kuwa na sheli safi hapa na yenye maji kule.

Bodaboda wenzangu, ile petroli ya kwenye chupa za maji pembeni ya barabara ndiyo hatari kuliko zote. Haina mkaguzi, haina risiti, kipimo chake ni macho ya muuzaji, na ikishika moto hakuna wa kumdai.

KIPIMO CHA PAMPU

Lita inaweza isiwe lita. Wakala wa Vipimo wanakagua pampu na kubandika stika. Iangalie. Hakikisha pampu inaanza sifuri kabla hajaweka, na dai risiti. Gari likiharibika kwa mafuta, bila risiti huna pa kuanzia ukienda EWURA.

NILIVYOPIMA MIMI (na wewe unaweza)

Usitumie geji ya dashibodi wala usihesabu kwa pesa, kwa sababu bei inabadilika kila mwezi. Fanya hivi:

1. Jaza tenki mpaka bomba lijikate lenyewe. Usiongezee.
2. Andika kilomita.
3. Tembea kama kawaida, angalau kilomita 300. Kwa pikipiki hata 150 zinatosha.
4. Rudi pampu ileile, jaza tena mpaka bomba lijikate.
5. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita zilizoingia.

Nilichagua sheli tatu. A ni ya kampuni kubwa ya kimataifa, B ya kampuni kubwa ya hapa nyumbani, C ile ndogo ya bei rahisi iliyokuwa inalaumiwa. Kila moja wiki mbili. Funguo nilikaa nazo mimi, gari lililala uani kwetu, na safari zote nilipanda. Kilomita 310 kila wiki, lita zilizoingia ni hizi:

Sheli A: 38.3 na 38.8
Sheli B: 37.9 na 38.7
Sheli C: 38.4 na 39.1

Tazama vizuri. Tofauti kati ya wiki mbili za sheli ileile (lita 0.5 hadi 0.8) ni kubwa kuliko tofauti ya wastani kati ya sheli na sheli (isiyofika lita 0.5). Maana yake sheli hazikutofautiana kwa kiasi ninachoweza kukipima. Wiki sita ni chache mno kuona kazi ya dawa za kusafisha, hilo nakubali. Lakini zinatosha kusema kwamba sheli C haikula zile lita zetu.

Na dereva je? Funguo zilikuwa kwangu na bado gari lilikunywa lita 38. Basi mwizi alikuwa gari lenyewe.

Tukampeleka fundi. Alipotoka kulijaribu alishika rimu za mbele kwa mkono. Ya kulia ya kawaida, ya kushoto ya moto huwezi kugusa. Breki ilikuwa inashika muda wote, yaani gari lilikuwa linatembea huku limekanyagiwa breki. Na tairi zilikuwa na upepo 24 badala ya 33. Alisafisha breki, akabadilisha mpira wa ndani, tukajaza upepo. Wiki iliyofuata, petroli ya sheli C ileile ya bei rahisi: lita 33.0 kamili. Tumerudi palepale tulipoanzia.

VINAVYOKULA MAFUTA KULIKO JINA LA SHELI

Mguu wa dereva: kwa takwimu za serikali ya Marekani, kukanyaga kwa nguvu na kufunga breki ghafla kunapoteza asilimia 15 hadi 30 barabara kuu, na 10 hadi 40 kwenye foleni.
Upepo wa tairi: kila psi 1 ikipungua unapoteza kama asilimia 0.2. Zetu 9 zilizopungua ni chini ya asilimia 2, kwa hiyo mkosaji mkubwa kwetu ilikuwa breki.
Plagi zilizochoka, chujio la hewa lililojaa vumbi, mnyororo wa pikipiki uliokauka.
Kuacha injini inaunguruma mmesimama mnapiga stori.

MASWALI NINAYOULIZWA SANA

Nijaze asubuhi kwa sababu mafuta yako baridi? Petroli inatanuka kwa joto, kama asilimia 1 kwa nyuzi 10. Lakini tenki la sheli liko chini ya ardhi, joto lake halibadilikibadiliki kati ya asubuhi na mchana. Hufaidi kitu.

Nikichanganya za kampuni mbili? Hakuna shida. Petroli ni petroli.

Kwenye mteremko niweke nyutro? Usijaribu, hasa pale Kitonga. Gari la injini ya kisasa ukiliacha kwenye gia na kutoa mguu linakata mafuta lenyewe. Ukiweka nyutro linaendelea kunywa ili lisizime, na breki zinabaki peke yake.

KUMALIZIA

Chagua sheli yenye pampu yenye stika, yenye wateja wengi ili mafuta yasilale, na inayotoa risiti. Kama inauza chini ya jirani, shukuru. Mafuta yakianza kuisha haraka, pima kwanza kabla hujamtaja mtu.

Mjomba aliliangalia lile daftari langu muda mrefu bila kusema kitu. Mwisho wa mwezi alimrudishia dereva 40,000 yake. Samahani hakuitamka, si mnawajua wazee wetu, ila siku hizi Jumapili anamwita waje washike rimu pamoja waone kama kuna ya moto.

Wenye namba za vyombo vyenu, wekeni hapo chini kwenye maoni: chombo gani, kilomita ngapi, lita ngapi. Nawasilisha.