Wanywaji walioifuata bia kiwandani

Mwaka 1965, katika mgahawa wa Old Spaghetti Factory mjini San Francisco, mteja kijana aliambiwa kwamba bia aliyoizoea, Anchor Steam, ilikuwa ukingoni mwa kutoweka. Kiwanda kilikuwa kinafungwa. Kama anataka kukiona, awahi. Fritz Maytag, kitukuu wa tajiri wa mashine za kufulia, aliwahi. Alikuta vyombo chakavu na bia iliyochacha mara kwa mara, lakini alinunua asilimia 51 ya kiwanda.

Ziara hiyo ilikuwa ya kwanza katika mlolongo mrefu. Kila ladha ya wapenzi wa bia nchini Marekani ilipobadilika, ilibadilika pia sababu ya kufunga safari hadi kwa mpishi wake.

Marufuku ya pombe ya mwaka 1920 hadi 1933 ilikuwa imeua viwanda vingi. Vilivyosalia vilimezana, hata mwishoni mwa miaka ya 1970 vikabaki chini ya 100 katika nchi nzima. Bia ikawa moja: ya rangi ya majani makavu, nyepesi, baridi, isiyomuudhi mtu wala kumfurahisha sana. Aliyetaka nyingine aliagiza ya ng'ambo au aliipika mwenyewe kwa siri, kwa kuwa kupika bia nyumbani kulikuwa bado kosa la jinai.

Jack McAuliffe alionja nyingine akiwa Scotland, alikopelekwa na jeshi la wanamaji la Marekani kutengeneza nyambizi. Mwaka 1976 alianzisha New Albion katika bonde la Sonoma, California, kwa vyombo vya kuokoteza, yakiwemo mapipa yaliyowahi kubeba sharubati ya soda. Kampuni ilikufa mwaka 1982. Lakini kabla haijafa ilitembelewa na wapika bia wengi wa nyumbani, na mmoja wao, Ken Grossman, alirudi mjini Chico akaunga matangi ya maziwa na kuanza Sierra Nevada mwaka 1980. Wakati huo sheria ilikuwa imelegea: Rais Jimmy Carter alitia saini sheria mpya mwaka 1978, na kaya yenye watu wazima wawili ikaruhusiwa kupika hadi lita 757 kwa mwaka.

Kilichoifanya bia ya Grossman izungumzwe ni hopsi, maua yanayoipa bia uchungu na harufu, za aina ya Cascade, iliyozalishwa na watafiti wa Oregon na kutolewa kwa wakulima mwaka 1972. Hopsi za Ulaya hunukia majani na udongo. Cascade hunukia balungi na utomvu wa msonobari. Waliozoea bia ya kawaida walishtuka, kisha wakataka zaidi.

Hapa panahitaji kituo kidogo, maana ndipo ulipo ufunguo wa foleni zote zilizofuata. Hopsi zikichemshwa kwa muda mrefu hutoa uchungu, na uchungu huo hudumu. Zikitiwa mwishoni, au baada ya bia kupoa, hutoa harufu, na harufu hiyo hukimbia: joto huiondoa, hewa huichakaza. Kadiri mnywaji anavyopenda harufu kuliko uchungu, ndivyo anavyolazimika kusogea karibu na tangi.

Kwanza, hata hivyo, yalikuja mashindano ya uchungu. Mwaka 1994, katika kiwanda cha Blind Pig huko Temecula, Vinnie Cilurzo alipika IPA, aina ya bia yenye hopsi nyingi, akazitia hopsi hizo maradufu. Baadaye, akiwa Russian River mjini Santa Rosa, alitoa bia ya Pliny the Younger, iliyoanza kumiminwa mwaka 2005. Hutolewa majuma machache tu mwanzoni mwa mwaka, na watu husafiri kutoka majimbo ya mbali, wakapanga foleni kwa saa nyingi ili wapate glasi chache walizopimiwa.

Jimbo la Vermont lilileta kitu laini zaidi. John na Jen Kimmich walifungua The Alchemist mjini Waterbury mwaka 2003, baa iliyopika bia yake katika chumba cha chini. Tarehe 28 Agosti 2011 mafuriko ya kimbunga Irene yalikizamisha chumba hicho. Siku chache baadaye, makopo ya kwanza ya bia yao ya Heady Topper yalitoka katika jengo lao jingine lililonusurika. Habari zikaenea, magari yakajaa, majirani wakalalamika, na mwaka 2013 duka la jengo hilo likafungwa kwa wageni. Walifungua jipya Stowe mwaka 2016.

Bia za mkondo huo zina ukungu, ulaini wa ngano na oti, na harufu ya embe na pesheni. Kwa vizazi vya wapishi wa Ulaya na Marekani, ukungu ulikuwa dosari. Msomaji aliyekulia Uchagani hatashangaa: mbege ya ulezi na ndizi haijawahi kuombwa iwe angavu, na haingoji wiki ijayo. Ilipofika 2018, bia hizo za ukungu zilipewa nafasi yao rasmi katika mashindano ya Great American Beer Festival.

Lakini hamu ya kuonja bia mpya kila mara ilikuwa na gharama, na waliolipa ni wale waliofungua njia. Anchor, iliyouzwa kwa Sapporo mwaka 2017, ilifungwa mwaka 2023. Ni hasara isiyostahili kupuuzwa, kwa sababu bia yake haikuharibika. Walioiacha ni wanywaji. Idadi ya viwanda, iliyopita mwaka 2015 rekodi ya 4,131 ya mwaka 1873, ilifikia zaidi ya 9,000, na mwaka 2024 vilivyofungwa vikazidi vilivyofunguliwa.

Sasa wengi waliochoshwa na embe wanarudi kwenye laga, bia inayolala wiki kadhaa katika baridi na isiyomfichia mpishi kosa lolote. Bierstadt Lagerhaus ya Denver, iliyofunguliwa mwaka 2016, hupika kwa mitambo ya shaba ya miaka ya 1930 kutoka Ujerumani. Laga yake ya aina ya pilsna humiminwa kwa awamu, povu likiachwa litulie kabla ya kuongezwa jingine, na glasi moja huchukua dakika kadhaa. Umiminaji huo hauingii kwenye kopo, kwa hiyo anayeutaka bado anapaswa kwenda Denver.