Kutoka Kunyoa Sufu hadi Kukata Nyasi

Bonde la Stroud, katika mkoa wa Gloucestershire nchini Uingereza, lilijulikana kwa kitambaa chekundu cha sufu kilichoshonewa sare za askari. Kitambaa kilipotoka kufumwa kilibaki na manyoya juu yake, kwa hiyo viwanda vilitumia mashine yenye silinda ya visu kuyanyoa yawe sawasawa. Edwin Beard Budding, fundi mitambo wa eneo hilo, aliona kwamba kinachonyoa sufu kinaweza kunyoa nyasi pia. Tarehe 31 Agosti 1830 alipata hataza ya mashine ya kukatia nyasi. Mwenzake John Ferrabee, mwenye karakana ya chuma kijijini Thrupp, ndiye aliyetoa fedha za kuiendeleza.

Kabla ya hapo bustani kubwa zilitegemea mundu wa mpini mrefu. Wakataji waliamkia kazini alfajiri, nyasi zikiwa bado na umande, maana nyasi kavu hulala chini badala ya kukatika. Kazi ilihitaji watu wengi wenye ujuzi, na nyuma yao wengine wakizoa kwa mifagio.

Mashine ya Budding ilikuwa na upana wa inchi 19. Rola nzito ya nyuma ilizungusha gia za chuma, gia zikazungusha silinda ya visu, na visu vikabana nyasi dhidi ya ubapa wa chuma uliotulia chini. Mtu mmoja alisukuma, na mwingine aliweza kuvuta kwa mbele. Wanunuzi wake wa mwanzo walikuwa taasisi zenye kazi kubwa: bustani ya wanyama ya Regent's Park jijini London na vyuo vya Oxford. Mkuu wa bustani pale Regent's Park alishuhudia kwamba mashine hiyo ilifanya kazi ya watu sita hadi wanane wenye miundu na mifagio.

Kwa wateja wa namna hiyo swali la uimara wa mashine lilijitokeza mapema. Mwenye kibustani cha nyumbani hukata kwa saa moja akapumzika. Mtunza viwanja hukata kutwa, kesho yake akarudia. Hatua nyingi zilizofuata katika historia ya mashine hizi zilitokana na uzito wa kazi hiyo.

Mwaka 1842 Alexander Shanks wa Arbroath, Scotland, alitengeneza mashine ya inchi 27 iliyovutwa na farasi mdogo. Farasi wa kazi hiyo walivishwa viatu vya ngozi ili kwato zisitoboe uwanja. Mwaka 1859 kampuni ya Thomas Green ya Leeds ilitoa Silens Messor, iliyotumia mnyororo mahali pa gia. Kelele zilipungua, na mashine hiyo iliendelea kuuzwa kwa miongo mingi.

Injini zilileta mtihani mwingine. James Sumner wa Lancashire alipata hataza ya mashine ya mvuke mwaka 1893, lakini ilikuwa nzito, na ilibidi maji yachemke kwanza ndipo kazi ianze. Mwaka 1902 kampuni ya Ransomes ya Ipswich ikaanza kuuza mashine ya petroli. Mojawapo ya zile za mwanzo ilikwenda Bournville, kwenye viwanja vya michezo vya kiwanda cha chokoleti cha Cadbury. Huko Marekani, klabu ya gofu ya Minikahda mjini Minneapolis iliiomba kampuni ya Toro mwaka 1919 itafute mbadala wa farasi. Toro ikafunga mashine tano kwenye trekta moja.

Baada ya Vita Kuu ya Pili injini ndogo na nyepesi zilifungua njia ya kisu bapa kinachozunguka kwa kasi kubwa. Mervyn Victor Richardson wa Sydney aliunda mashine yake ya kwanza ya namna hiyo, Victa, mwaka 1952, akatumia kopo la pichi kuwa tangi la mafuta. Urahisi wa mashine hizo uliwafaa wenye nyumba. Kutoka hapo soko likagawanyika: upande mmoja mashine nyepesi za bei nafuu, upande mwingine mashine za mafundi, zenye vyuma vinene na sehemu zinazofunguka.

Tofauti hiyo bado inaonekana kwa anayenunua mashine ya kazi leo, awe mtunza uwanja wa gofu Nairobi au mwenye kandarasi ya bustani za hoteli Zanzibar. Kifuniko cha visu kilichochomelewa kwa bamba nene la chuma hustahimili mawe na visiki kuliko cha bati lililokandamizwa. Beringi za ekseli ya kisu zinazopokea grisi, na zinazobadilishwa kwa kufungua bolti chache, huokoa mashine nzima beringi moja inapokwisha. Chujio la hewa lililo kubwa hulinda injini dhidi ya vumbi la kiangazi. Spea nazo zipatikane mjini, kwani mashine ikisubiri kipuri kwa wiki tatu, nyasi za masika hazisubiri. Mashine za silinda kwa upande wao huhitaji fundi wa kuzinoa na kurekebisha nafasi kati ya visu na ubapa wa chini. Zinaendelea kutumika panapotakiwa mkato wa chini na sawasawa, kama Wimbledon, ambako nyasi za viwanja vya tenisi hukatwa kwa kimo cha milimita 8 wakati wa mashindano.